Mgane Hana Eda: Mapenzi na Majonzi katika "Amina" ya Shaaban Robert

Kiswahili kina neno la mwanamke aliyefiwa na mumewe na ambaye bado yumo katika siku za kukaa ndani: huitwa kizuka. Siku zake zina hesabu, miezi 4 na siku 10. Mavazi yake yanajulikana, mahali pake pa kuketi panajulikana, na wako wanawake wenzake wanaojua namna ya kumwingiza na namna ya kumtoa. Akishatoka eda, huitwa mjane. Ama mwanamume aliyefiwa na mkewe, kamusi humpa neno mgane. Nimeishi Turiani miaka mingi na kuhudhuria mazishi mengi, chini ya milima ya Nguu na katika mitaa iliyozungukwa na mashamba ya miwa ya Mtibwa, wala sijapata kumsikia mtu akilitamka neno hilo msibani. Neno limehifadhiwa vitabuni. Mwenyewe anayestahili kuitwa kwalo hupita katikati yetu bila jina.

Nimelianza suala hili kwa msamiati kwa sababu naamini hapo ndipo unapopatikana mlango wa kuliingilia shairi ambalo wengi wetu tulilisoma darasani tukiwa wadogo mno kulielewa: "Amina" la Shaaban Robert. Tulifundishwa kwamba ni shairi la maombolezo, tukahesabu mizani, tukapiga mstari chini ya vina, tukapewa alama. Hatukuulizwa swali ambalo mtunzi mwenyewe, nadhani, alikuwa akilijibu: mwanamume asiye na eda, asiye na vazi la msiba wala chumba cha kukaliwa, auweke wapi msiba wake?

Tumweke kwanza mtunzi katika wakati wake. Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga, akafariki dunia mwaka 1962. Alisoma Dar es Salaam, na tangu mwaka 1926 hadi 1944 aliajiriwa katika idara ya forodha, akifanya kazi katika vituo mbalimbali vya pwani, Pangani kikiwa kimojawapo. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni: mtu wa daftari, wa mhuri, wa kuhamishwa kwa barua. Amina alikuwa mkewe katika miaka hiyo ya ukarani, akamzalia watoto, kisha akafa na kumwacha na watoto hao mikononi. Habari hizo twazipata katika *Maisha Yangu*, wasifu aliouandika mwenyewe, na humo ndimo limo shairi lenyewe, limepandikizwa katikati ya nathari kama jiwe la kaburi lililosimama katikati ya shamba linaloendelea kulimwa.

Miaka hiyohiyo ya arobaini mtunzi alikuwa na kazi nyingine kubwa mikononi. Alitunga *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, unaosimulia vita vya dunia vya 1939 hadi 1945 kwa maelfu ya beti. Ulimwengu mzima ukiteketea alipewa maelfu ya beti. Amina alipata beti chache, ukurasa mmoja au zaidi kidogo. Hata hivyo, nikiwauliza watu wa rika langu hapa Turiani ni ubeti gani wa Shaaban Robert wanaoukumbuka kwa moyo, hawanitajii vita. Wananitajia jina la mwanamke.

Na hilo jina ndilo jambo la kwanza la kustaajabisha. Shairi linaanza kwa kumwita. Halianzi kwa "mke wangu", wala kwa "mama watoto", wala kwa lakabu ya ua au lulu, kama ilivyokuwa desturi ya mashairi mengi ya mapenzi ya pwani ambamo mpenzi hufichwa nyuma ya fumbo asitambuliwe na walimwengu. Msomaji wa leo huenda asione ajabu yoyote. Lakini katika malezi ya wengi wetu, mume hakuwa akilitaja jina la mkewe mbele za watu. Husema "nyumbani", husema "mama fulani", husema "wenzangu" kwa wingi wa heshima. Kumtaja ni kama kumfunulia mlango. Shaaban Robert, Mwislamu wa pwani, mtu wa adabu na wa kufundisha adabu, alilitoa jina la mkewe likapigwa chapa, likauzwa, likasomwa na watoto wa shule wasiomjua. Uhai wa Amina ulikuwa wa faragha. Kifo chake ndicho kilichompa mumewe idhini ya kumtaja.

Tazama sasa ufundi wenyewe. Shairi lina beti za mishororo minne, na kila mshororo umegawanyika ukwapi na utao kwa kipimo kilichozoeleka cha mizani 8 kwa 8. Kina cha mwisho kinashikilia sauti ya -a tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kina cha kati kinabadilika kila ubeti. Na mshororo wa mwisho ni kibwagizo kinachorudi bila kubadilika, kikisema kwamba kifungo cha mapenzi kilichowaunganisha wawili hao hakina wa kukifungua. Kanuni hizi hazikuwa mpya. Wala Shaaban Robert hakutaka ziwe mpya. Mwenye msiba hatafuti jeneza la mtindo mpya.

Lakini ndani ya kanuni hizo ametenda jambo ambalo nililiona tu baada ya kulisoma shairi mara nyingi. Ubeti wa kwanza una kina cha kati cha -nga, na ubeti wa mwisho unakirudia kina hichohicho. Ukiyaweka pamoja maneno yanayobeba kina hicho katika beti hizo mbili, utakuta vitenzi ambavyo peke yake vinasimulia kisa kizima: kujitenga, kufunga, kutunga, kuunga. Katika ubeti wa kwanza anayejitenga ni Amina: amekwenda mbele, amewaacha. Katika ubeti wa mwisho, mavumbi yatakapounganishwa tena na kurudishiwa roho, kinachojitenga ni mauti yenyewe. Kitenzi ni kilekile, mtenda amebadilika. Mtunzi amekichukua kitenzi kilichomuumiza akamgeuzia adui yake.

Na kufunga nako kumepewa kazi mbili. Ua lililochanua kisha likajifunga, hiyo ndiyo sura ya kifo. Mapenzi yaliyofungwa na wawili, hiyo ndiyo sura ya ndoa. Neno lilelile linalomwondoa Amina ndilo linalomshikilia. Sidhani kama ni bahati tu ya vina. Mtunzi anayeijua lugha yake hulisikia neno kwa pande zake zote kabla hajaliandika, na Kiswahili kinamruhusu: tunafunga mlango, tunafunga ndoa, tunafunga safari, tunafunga swaumu. Kila kufunga ni kuacha kitu nje na kushika kingine ndani.

Ama kutunga, wapenzi wa lugha wanajua kwamba kabla halijawa tendo la mshairi ni tendo la mwenye shanga. Shanga hutungwa katika uzi. Maneno nayo hutungwa, moja baada ya jingine, ili yasitawanyike. Mtu aliyefiwa hujikuta ametawanyika: mawazo huku, usingizi kule, chakula hakipiti. Katikati ya shairi mtunzi anakiri hali hiyo waziwazi, kwamba majonzi yake hayasemeki, kwamba huwaza hiki na kile, na kwamba yote humjia kama ruia. Hilo la mwisho ni neno la kale lenye asili ya Kiarabu, lenye maana ya ndoto, na ni vizuri likumbukwe. Kisha, mwishoni, anasema kwamba anamaliza kutunga. Uzi umefungwa fundo. Shanga zimepata pa kukaa.

Ndiyo sababu naliita shairi hili eda ya mwanamume. Sheria haikumwekea mgane siku za kukaa. Anaweza kurudi kazini baada ya siku 3, anaweza kuoa wakati wowote, na jamaa zake watamhimiza afanye yote mawili. Hii huonekana kama uhuru, na kwa namna fulani ni uhuru kweli. Mzigo wa eda humwangukia mwanamke, na wako wanawake wengi ambao siku hizo zimewagharimu riziki. Siutetei ukosefu wa usawa huo. Nasema tu kwamba asiye na kizuizi hana pia mahali pa kupumzika. Kizuka anapolia, watu husema yumo edani. Mgane anapolia, watu humwambia ajikaze. Shaaban Robert alijijengea chumba cha mishororo minne minne, akaingia humo, akakaa, akatoka.

Kusoma shairi hili nikiwa Turiani kunanifanya nilione kwa upande ambao pengine mtu wa Tanga au wa Lamu asingeuona. Hapa ni nchi ya Wanguu, jirani na Wazigua, Wakaguru na Waluguru, jamii ambazo zimefahamika kwa kufuata ukoo wa mama, T. O. Beidelman aliziandikia kitabu mwaka 1967, kuhusu watu wa mashariki mwa Tanzania wanaohesabu nasaba kwa upande wa mama. Maana yake msibani ni kubwa. Mke akifa, wenye maiti ni watu wa ukoo wake. Mjomba ndiye mwenye kauli. Watoto ni wa ukoo ule. Mume, ambaye jana alikuwa mwenye nyumba, leo anaketi pembeni kidogo akisubiri kuambiwa kaburi limechimbwa wapi. Kwa karne moja na nusu dini zimeyapitia mambo haya na kuyageuza kiasi: misafara ya biashara ilileta Uislamu kutoka pwani, na Mapadre wa Roho Mtakatifu waliotoka Bagamoyo walianzisha misheni ya Mhonda mwaka 1877, si mbali na hapa. Kisha kiwanda cha sukari kikaleta watu wa kila kabila. Leo mazishi ya Turiani ni mchanganyiko. Lakini ule ukingo anaoketishwa mume, nimeuona ukidumu.

Niliuona waziwazi katika msiba mmoja, miaka kadhaa iliyopita. Aliyefiwa alikuwa mkata miwa, mtu wa makamo. Wakwe zake walikuwa na shughuli zote. Watani walikuwa wakifanya kazi yao, wakidai fidia, wakijilaza mbele ya jeneza, wakiwachekesha waliokuwa wakilia. Yeye alikuwa ameketi chini ya mwembe na wanaume wanne, akitazama mikono yake. Mzee mmoja alimwambia, "Jikaze, mwanangu, wewe ni mwanamume, watoto wanakutazama." Akaitikia, "Ndiyo, baba." Hakusema jambo jingine hadi tuliporudi kutoka makaburini.

Siku ya arobaini alinijia. "Shikamoo, mwalimu," alisema, ingawa umri wetu haukupishana sana. "Watu wote wamesema juu ya marehemu. Mjomba wake amesema, kaka zake wamesema. Mimi sijasema. Sijui niseme nini." Nilimpa nakala ya "Amina" niliyoiandika kwa mkono. Hakuwa msomaji mwepesi. Alisimama mbele za watu na kuisoma polepole, kila mshororo kama mtu anayevuka Mto Diwale kwa kukanyaga mawe, na alipofika penye jina, akaliondoa la Amina akaweka la mkewe. Mizani iliharibika. Jina la mkewe lilikuwa refu kuliko la Amina kwa silabi moja, na sikio langu la mwalimu liliusikia upungufu huo mara moja. Kibwagizo kilipokuja mara ya tatu, wanawake waliokuwa wameketi mkekani walikuwa wamekwisha kukishika, wakakisema pamoja naye.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya kibwagizo. Darasani tunasema kazi yake ni kusisitiza ujumbe. Katika msiba kibwagizo ni mahali ambapo wengine wanaweza kuingia. Ubeti ni wa mwenye msiba peke yake. Kibwagizo ni cha wote. Na kila kinaporudi maana yake husogea. Katika ubeti wa kwanza ni kama ubishi, mtu anayekana kilichotokea. Katikati ni kama kumbukumbu. Mwishoni, baada ya kutajwa ufufuo, ni kama ahadi. Maneno hayakubadilika hata herufi.

Si kwamba fasihi yetu haikujua maombolezo ya wanandoa kabla ya hapo. Miaka karibu 90 nyuma, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi mashuhuri akiwa mgonjwa, na katikati ya mawaidha yale yote juu ya utiifu wa mke anasimama kidogo kumkumbuka marehemu mumewe, Bwana Mataka wa Siu: namna walivyoishi kwa furaha, na namna alivyompa radhi siku ya kufa kwake. Ni beti chache ndani ya utenzi mrefu. Mjane anamkumbuka mumewe ili ampe binti mfano wa ndoa. Shaaban Robert naye, akiwa mgane, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha, *Hati*, na mwanawe wa kiume akamtungia *Adili*. Ukizisoma kazi hizi pamoja na "Amina" utaona nyumba nzima: mama ameondoka, na baba anajaribu kuwapa watoto kwa kalamu kile ambacho mama angewapa kwa mdomo. Mawaidha ya binti, ambayo kwa Mwana Kupona yalitoka kwa mama, hapa yanatoka kwa baba, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuyatoa.

Katika ushairi wa Kiarabu, ambao umeulisha wetu kwa njia nyingi, maombolezo yana jina lake, marthiya, na bingwa wake anayekumbukwa ni mwanamke, al-Khansa, aliyemlilia kaka yake Sakhr. Lakini mume kumlilia mke lilikuwa jambo la kuonewa haya. Jarir, mshairi mkubwa wa zama za Bani Umayya, alipomtungia mkewe maombolezo alianza kwa kukiri kwamba haya ndiyo inayomzuia kulia na kulizuru kaburi. Yaani hata aliyekuwa na ulimi wa kuwatisha maadui zake wote aliona lazima aombe radhi kabla ya kumlilia mkewe. Shaaban Robert hakuomba radhi. Alianza kwa jina. Mtu akitaka kuona ushujaa wa mshairi huyu, asiutafute tu katika *Kusadikika* ambako alisema na watawala kwa mafumbo. Autafute pia katika neno la kwanza la shairi hili.

Yako mambo mawili ambayo msomaji makini anaweza kuyatoa dhidi ya shairi, na yanastahili jibu. La kwanza ni kwamba mtunzi alioa tena baadaye. Itakuwaje basi kile kifungo kisicho na wa kukifungua? Vijana huliuliza swali hili kwa ukali, na wanawake huliuliza kwa tabasamu. Mimi naona kibwagizo hakikusema kwamba hakutakuwa na kifungo kingine. Kimesema kwamba hiki hakifunguliwi. Fundo moja katika uzi halizuii fundo la pili. Linabaki tu mahali pake. Watu wanaodhani kwamba kuoa tena ni kusahau hawajaishi katika nyumba ambamo picha ya marehemu imetundikwa ukutani na mke wa pili ndiye anayeifuta vumbi.

La pili ni zito zaidi. Amina hasemi kitu. Ndani ya shairi hatumwoni akipika, akikasirika, akicheka, akimrekebisha mumewe. Tunajua kwamba aliugua, kwamba aliombewa anyanyuke, kwamba hakunyanyuka. Yeye ni ua, kisha ni roho. Hili ni kweli, na sitalificha nyuma ya sifa za mtunzi. Mashairi mengi ya waliofiwa, tangu ya Petrarca kwa Laura, yana ukimya huuhuu: aliyekufa hugeuka taa ya aliyebaki. Ninachoweza kusema ni kwamba Shaaban Robert hakujifanya kuujaza ukimya huo. Hakumtungia Amina maneno ya kusema kutoka peponi, hakumfanya amsifu mumewe. Anamwambia, anamwombea, anamngoja. Ni mazungumzo ya upande mmoja, na yanajua kuwa ni ya upande mmoja.

Pengine hicho ndicho kinacholifanya liweze kuazimwa. Kama Amina angalikuwa amechorwa kwa undani, kwa sauti yake na mwendo wake, mkata miwa wa Turiani asingeweza kuliondoa jina lake na kuweka la mkewe. Shairi limeacha nafasi ya mtu mmoja, na wengi wamewaketisha wapendwa wao hapo.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu wanaofundisha na wanaotunga: tusiliachie shairi hili liwe zoezi la kuhesabu mizani tu. Tuwaambie wanafunzi kwamba liliandikwa na mtu mwenye miaka thelathini na kitu, mtumishi wa forodha, aliyebaki na watoto na bila mama yao, katika jamii iliyokuwa na chumba cha huzuni kwa mwanamke na haikuwa nacho kwa mwanamume. Tulirudishe na neno mgane katika matumizi. Si neno zuri sana masikioni, nakubali. Lakini mtu asiye na jina la hali yake hana hata pa kuanzia kutunga, na uzi usio na mwanzo haushiki shanga.